Simbilisi wa mwanangu kajikunja tangu jana, hataki kula. Nimdunge sindano niliyouziwa?

MamaJunior_Mbeya
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Mwanangu ana simbilisi wake, dume la kahawia na nyeupe, anamwita Bosi. Tangu jana jioni Bosi kajikunja kwenye kona ya boksi, manyoya kayatimua kama kuku aliyenyeshewa. Siku zote akisikia tu mfuko wa majani unachakarika hupiga kelele mpaka jirani ajue kuna chakula. Leo kimya. Nikimshika miguu ya nyuma analia, na akitembea anachechemea. Anakula layers (chakula cha kuku wa mayai) na pumba, pamoja na nyasi kavu, maana kwa kiangazi hiki majani mabichi ya karibu na nyumbani yameisha. Banda anachangia na sungura. Kijana wa duka la dawa za mifugo kaniuzia chupa ya penisilini, kasema nidunge kiasi cha kuku. Jirani naye anasema nimpe amoksilini ya maji ya watoto iliyobaki ndani. Nimpe ipi?

Kijana_Uyole
Dada, mwahi kabla hajafa mwenyewe. Chumvi, ndimu, mkaa uwe tayari. Hahaha.

Bibi_Makambako
Wewe wa Uyole, mnyama mgonjwa haliwi. Kaa pembeni watu waongee.

MamaJunior, marahaba. Hiyo chupa iweke chini, na ya watoto irudishe kabatini. Penisilini, ampisilini, amoksilini, kwa simbilisi zote hizo ni sumu. Majani anayokula huchachushwa na vijidudu vizuri vilivyo kwenye utumbo wake mpana. Dawa hizo huviua, vinabaki vile vibaya vinavyotoa sumu. Anaharisha, baada ya siku chache amekufa, na mwenye mnyama anasema ugonjwa ulikuwa mkali. Nimeona mabanda ya watu yakiisha hivyo huku muuzaji anaendelea kuuza.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Simbilisi ni windo la kila kitu, kuanzia paka hadi mwewe, kwa hiyo huficha maumivu mpaka ashindwe kabisa. Ukimwona kajikunja hivyo, ujue hakuanza kuumwa jana. Na kutokula kwake usikulinganishe na kwa mbwa. Utumbo wake ukikosa chakula nusu siku hadi siku nzima unasimama, gesi inajaa, na hiyo ndiyo itamuua hata kama kilichoanza ni jino tu. Usiseme utamwangalia kesho.

Nijibu haraka: kinyesi kikoje? Tumbo ni laini, au limejaa na ukiligonga kwa kidole linalia? Kidevu kimelowa mate? Pua au macho yana ukoko? Ukimweka sikioni unasikia akikoroma? Mfunue mdomo uone fizi. Halafu mpime kwa mizani ya jikoni.

MamaJunior_Mbeya
Asante bibi. Vinyesi vichache, vidogo, vikavu. Tumbo laini. Kidevu kikavu, pua safi, simsikii akikoroma. Fizi nimeziona kwa taabu: nyekundu sana na zimetoa damu kidogo. Magoti ya nyuma yamevimba. Uzito gramu 690. Mwezi uliopita Junior alimpima kwa mchezo, akawa na 850.

Bibi_Makambako
Damu kwenye fizi, magoti yamevimba, analia akishikwa: mimi nasema kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Simbilisi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aile kila siku. Kuku na sungura hujitengenezea wenyewe, ndiyo maana kwenye chakula chao usitegemee kuikuta. Layers tena ina chokaa nyingi ya kutengeneza ganda la yai. Dume lako halitagi, mwishowe chokaa hiyo inaweza kumletea mawe kwenye kibofu. Nyasi mbichi zina vitamini C, zikikauka karibu yote inapotea. Akiikosa kabisa, wiki mbili tu zinatosha kumwonyesha dalili. Kwa hiyo kiangazi ndiyo msimu wa kiseyeye, na watu huku husingizia baridi. Baridi nayo ipo, mfunikie boksi usiku, lakini usimpeleke jikoni kwenye moshi wa kuni, mapafu yake hayawezi.

Leo hii tuma mtu sokoni Mwanjelwa alete pilipili hoho, na sukuma wiki kidogo. Nyasi mbichi mtu akazikate bondeni kwenye maji, ila si pale wanapopiga dawa shambani. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hapana, wala ya parachichi.

Kama hatafuni, saga nyasi kavu ziwe unga, changanya na maji ya vuguvugu na hoho iliyopondwa, uwe uji wa kupita kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Mfunge kwenye taulo, akae wima, usimlaze chali. Ingiza ncha kwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele, pale penye mwanya. Toa nusu mililita, subiri atafune ameze, ndipo uongeze. Ukimmiminia kwa pupa uji unaingia mapafuni. Rudia kila baada ya saa tatu au nne, na usiku uamke. Tumbo likianza kujaa na kukaza, acha kulisha, mkimbize kwa daktari.

AfisaMifugo_Iringa
Bibi kaniachia kazi ndogo. Hata hivyo mama, ugonjwa hauthibitishwi kwa simu. Magoti yaweza kuvimba kwa maambukizi pia, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo amguse mwenyewe, na amwangalie magego. Meno ya simbilisi hukua maisha yote. Ya mbele unaweza kuyaona sawa kumbe magego yameubana ulimi.

Vitamini C: nunua vidonge vya kawaida vya binadamu, vya vitamini C peke yake. Mnyama mzima huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Huyu mgonjwa mpe miligramu 50 kwa siku mpaka apone, iliyosagwa ndani ya ule uji. Usiweke kwenye maji ya kunywa, huharibika haraka. Vidonge vya mchanganyiko wenye vitamini A na D usimpe, hizo zikizidi hudhuru.

Sungura mtenganishe. Anaweza kubeba bakteria wa Bordetella bila kuumwa, na kwa simbilisi bakteria huyo huleta nimonia. Ikitokea siku anahitaji antibayotiki, muulize daktari kuhusu sulfa yenye trimethoprimu au enrofloksasini, ipimwe kwa uzito wake. "Kiasi cha kuku" si kipimo.

MamaJunior_Mbeya
Mrejesho. Jana usiku uji alikuwa anautema, alfajiri akaanza kumeza. Leo mchana kavuta kipande cha hoho mwenyewe mkononi mwa Junior, na vinyesi vimeongezeka. Magoti bado. Daktari amemwona, naye kasema ni kiseyeye, magego hayana shida, kampa dawa ya maumivu. Sungura kahamia stoo. Sasa Junior anataka Bosi aletewe mke asiwe mpweke. Kuna jirani anauza jike la mwaka mmoja, hajawahi kuzaa.

Bibi_Makambako
Huyo jike muache. Akifika miezi saba hajazaa, mifupa ya nyonga huwa imeshikana haifunguki tena vizuri, mimba ya kwanza inaweza kumuua. Mtafutieni dume mdogo aliyetoka kuachishwa kunyonya, mumtenge chumba kingine wiki mbili tatu mkimwangalia pua na ngozi, na Bosi awe amerudi zaidi ya 800 kwanza. Mizani ibaki jikoni, Junior ampime kila Jumapili aandike kwenye daftari.