Naomba ushauri: bastola ya kale ya shabaha, .22, haina jina la kiwanda

Wakuu, habari za leo. Naishi Ohio, Marekani, na nakusanya bastola za mashindano. Juzi nimenunua moja mnadani ambayo imenishinda kuitambua.

Ni ya risasi moja moja, kaliba .22, ile ambayo pini hupiga ukingo wa kitako cha ganda. Mtutu una pembe nane na ni mrefu kupita kiasi. Ukivuta wenzo wa chini, kizibo cha nyuma kinashuka kama kwenye bunduki za Martini. Mpini wa mbao umechongwa ukumbatie kiganja. Kifyatulio unakitega kwanza, halafu ukikigusa tu, inalia! Bila shaka ilitengenezwa kwa mashindano ya mita 50, yale yaliyoondolewa Olimpiki baada ya Rio 2016.

Chini ya mtutu kuna taji juu ya herufi B, U na G. Hizo ni alama za ukaguzi za Ujerumani zilizotokana na sheria ya 1891, zikabadilishwa kwa sheria ya 1939. Kwa hiyo rafiki yangu anayeng'ang'ania kuwa ni ya Hämmerli, kiwanda cha bastola cha Uswisi, mimi simwelewi. Nahisi ni ya Büchel, mtengenezaji bastola wa mji wa Zella-Mehlis, Ujerumani.

Mwenye Büchel, je, namba yake ya utambulisho imegongwa wapi? Na naweza kuondoa kutu bila kuharibu rangi ya zamani? Sijaifyatua, fundi bado hajapima chemba, yaani tundu la kuwekea risasi.