Mabawa 6 yakawa 3, tena mabichi: tamasha la vyakula Kisumu limenila pesa

Wadau, nimekaa na hasira hizi tangu Jumamosi nikidhani zitapoa. Tumbo limetulia, hasira bado.

Kulikuwa na tamasha la vyakula hapa Kisumu, uwanja mmoja si mbali na ziwa. Waandaaji siwataji, waliokwenda wanajua. Bango lao lilikuwa na picha ya mabawa ya kuku yanang'aa kwa pilipili, sahani imejaa pomoni, chini yake imeandikwa "mabawa ya Buffalo". Sasa mimi ni mtu wa Vihiga. Ukinionyesha kuku kwenye bango umenimaliza.

Langoni shilingi 500. Sawa. Kufika ndani naambiwa pesa taslimu hapana, M-Pesa hapana, ni tokeni tu, na huuziwi chini ya 1,000. Foleni ya tokeni peke yake dakika arobaini, na jua la Kisumu saa nane mnalijua. Jameni, tumetumiana pesa kwa simu tangu 2007, mama wa omena pale soko la Kibuye ameandika namba yake ya till kwenye beseni, halafu leo nipange foleni ninunue vidude vya plastiki ndiyo niruhusiwe kununua chakula? Nikauliza zikibaki je. Msichana wa dirishani hata hakuinua macho: "Hazirudishwi, anti." Hapo ndipo ningegeuka niende zangu. Sikugeuka. Hilo ni kosa langu.

Kibanda cha mabawa kilikuwa na ubao: mabawa 6, tokeni 6. Yaani shilingi 600, pesa ambayo sokoni naongea nayo vizuri tu na muuza broila. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja akasoma ubao, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, nyati ana mabawa tangu lini?" Nikamweleza kwamba Buffalo ni mji kule New York, si mnyama. Akaguna, akaenda kutafuta samaki, ngege. Mzee alikuwa na akili kuliko mimi.

Sahani ikaja. Ya karatasi, imelowa mafuta, vipande sita. Mnaopika mnajua bawa la kuku lina sehemu tatu: kile kipaja kidogo cha begani, ile ya katikati yenye mifupa miwili, na ncha. Ukikata kwenye viungo na kutupa ncha, bawa moja limekupa vipande viwili. Kwangu kulikuwa na vipaja vidogo vitatu na vya katikati vitatu.

"Kijana, haya ni mabawa matatu."

"Hesabu tena, anti. Ni sita hayo."

"Vipande ni sita. Kuku ana mabawa mangapi?"

"Mawili."

"Sasa hapa umeniwekea kuku wangapi?"

Akafikiri kweli, maskini. "Mmoja na nusu."

"Na ubao wako unasema kuku wangapi?"

Akacheka, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja anafuta mikono kwenye aproni, akaniambia hata Marekani wanahesabu hivyo hivyo. Na sibishi, ni kweli. Mabawa haya yanajulikana kwa Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, mji huohuo wa Buffalo, mwaka 1964, na huko yanakatwa vipande na kuhesabiwa vipande. Lakini mteja wa huko amezaliwa akiijua hesabu hiyo. Mimi nimesoma neno "bawa" kwa Kiswahili, na bawa ni bawa zima. Katiba yetu kifungu cha 46 inasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Chaki walikuwa nayo. Wangeandika "vipande 6" wangepungukiwa nini? Na kama tunafuata Marekani basi tufuate mpaka mwisho, maana mchuzi wa Buffalo asili yake ni pilipili na siagi. Wangu ulikuwa tomato sosi na sukari.

Hayo yote ningemeza. Kilichonifanya niandike ni cha ndani.

Nikauma kipaja cha kwanza. Nje kimekauka rangi ya kahawia, ndani baridi. Si vuguvugu, baridi. Nyama imeshikana na mfupa, inateleza, inavutika kama mpira. Kabla hamjaniambia wekundu karibu na mfupa ni kawaida: najua. Broila anachinjwa akiwa na wiki sita hivi, mifupa bado laini, uboho unapenya na kuipaka nyama rangi hata ikiwa imeiva. Kwa hiyo rangi peke yake sikuilaumu. Lakini nyama ya kuku inapaswa kufika nyuzi 74 ndani, na kitu kilichofika nyuzi 74 dakika mbili zilizopita hakiwezi kuwa baridi mdomoni mwangu.

Nikaenda kusimama pembeni ya karai nione. Mabawa yanatolewa kwenye mfuko yakiwa na barafu, yanagongana kama mawe, yanamwagwa yote kwa mkupuo kwa sababu foleni ni ndefu. Mafuta ya kukaangia kuku yanatakiwa yawe kwenye nyuzi 180 hivi. Ukitia mlima wa barafu mle yanapoa hapo hapo, yanaacha kukaanga yanaanza kulowesha. Wakiona rangi imekuja juu, wanatoa. Tena koleo lililoshika mabichi ndilo hilo hilo linalopakua yaliyotoka kwenye karai. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameshakula kimoja. Nilimpokonya cha pili mkononi akalia mbele ya watu, na nikaonekana mimi ndiye mbaya.

Halafu maji. Mabawa yanaliwa kwa mikono, hakuna njia nyingine, na uwanja mzima sikuona bomba wala jeri la maji na sabuni. Hata kibanda cha mahindi ya kuchemsha kina maji ya kunawa! Mji huu umeshaugua kipindupindu, tena si mara moja, na ziwa lote lile liko pale linatutazama. Mhudumu alinipa kitambaa kimoja cha karatasi. Kimoja, kwa watu wawili na mchuzi wa sukari.

Nyanya yangu aliolewa zama ambazo mwanamke wa Kiluhya hali kuku. Alimfuga, akamnyonyoa, akampika, wanaume wakala na firigisi ikaenda kwa mwenye boma. Yeye alibaki na harufu. Nimemsimulia haya kwa simu jana, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumbe sisi tulinyimwa bure, wewe umelipia." Sijapata jibu mpaka leo.

Nilirudi dirishani na sahani yangu nikiwa na tokeni nne mkononi. Nikaambiwa niongee na muuzaji. Muuzaji akasema pesa ziko kwa waandaaji. Mwandaaji mmoja mwenye redio kiunoni akaniambia nitume ujumbe kwenye ukurasa wao. Nimetuma mara tatu. Ujumbe umesomwa. Picha za wasanii wanaendelea kuweka.

NIMERUDI KUONGEZA: Naona mmeshaanza na "si ungekula samaki, uko Kisumu". Mbuta nakula kila wiki, asanteni. Siku moja nilitaka kuku. Na wewe uliyeandika kwamba kwa 600 nilitarajia hoteli ya nyota tano, mimi nilitarajia moto chini ya karai.

Tokeni zangu nne ziko hapa juu ya friji, shilingi 400. Kama kuna yeyote aliyerudishiwa pesa, aseme alimwona nani na alifuata njia gani. Na aliyepiga picha ya ule ubao kabla haujafutwa anitumie, yangu imetoka na kidole.