Niliomba ukalimani, nimepangiwa kuwasindikiza wanariadha kwenye upimaji wa pufya

Mwongoza watalii, Malindi

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Malindi, na kwa kuwa Kiitaliano nimekizoea tangu utotoni kutokana na wageni wanaoujaza mji wetu, niliomba kujitolea kama mkalimani katika mashindano ya kimataifa ya riadha yatakayofanyika Nairobi. Jibu lililokuja limeniweka mahali ambapo sikupata kupawaza: nitakuwa msindikizaji katika kikosi cha upimaji wa pufya, yaani dawa zilizopigwa marufuku michezoni, nimfuate mwanariadha wa kike tangu anapomaliza mbio hadi atakapotoa mkojo wake. Sijawahi kufanya kazi inayokaribia hiyo, na nimelelewa katika nyumba ambayo mambo ya msalani hayatajwi mbele ya mtu usiyemjua. Mafunzo yatatolewa siku chache kabla ya mashindano kuanza. Je, niikubali nafasi hii au niombe kubadilishiwa? Na nikiikubali, nijue nini mapema ili nisimvunjie mtu heshima wala kuiharibu kazi?

Mwalimu wa michezo, Malindi

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nakusihi uikubali. Nilifanya kazi hiyo Kasarani mwezi wa Agosti 2021, katika mashindano ya dunia ya riadha ya vijana walio chini ya miaka 20, nami vilevile nilikuwa nimeomba nafasi nyingine.

Nianze na lile la haya, maana naona ndilo linalokusumbua zaidi. Anayemsindikiza mwanariadha na anayemshuhudia akitoa mkojo kwa kawaida ni watu wawili tofauti. Shahidi ni lazima awe wa jinsia moja na mwanariadha, na mara nyingi ni afisa wa upimaji mwenyewe, hivyo yaelekea kazi yako itakoma nje ya mlango wa msala. Hata hivyo waulize waandalizi waziwazi, usingoje siku yenyewe.

Uzito wa kazi uko katika kile kipindi cha kati. Utamkaribia mwanariadha akiwa bado anahema, utahakikisha kwa kadi yake yenye picha kwamba ndiye, utamweleza kwamba amechaguliwa kupimwa na kwamba ana haki ya kuwa na mwakilishi na mkalimani, kisha atatia sahihi katika fomu. Kuanzia hapo usimpoteze machoni hata kidogo. Anaweza kuruhusiwa kwenda kupokea medali, kuzungumza na waandishi wa habari, kutibiwa au kunyoosha viungo, lakini kokote aendako uko naye, na kila jambo usilolielewa unalipeleka kwa afisa. Akikataa kupimwa, usibishane naye wala usimshike. Mwarifu afisa papo hapo, kwa kuwa kukataa ni kosa linaloweza kumfungia miaka minne, na ni haki yake kuelezwa hivyo na mtu mwenye mamlaka.

Huenda ukaona suala la kadi ni dogo. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kocha mmoja wa timu yetu ya Kenya alirudishwa nyumbani baada ya kujitambulisha kwa wapimaji kama mwanariadha wa mita 800 na kutoa mkojo wake kwa jina la kijana huyo. Nchi nzima ilitahayari. Kadi ikitazamwa sawasawa mwanzoni kabisa, jambo la namna hiyo halifiki mbali.

Muuguzi, Lamu

Mwalimu ameeleza taratibu vizuri, nami naongeza upande wa mwili, kwa sababu hapo ndipo subira ya msindikizaji hupimwa. Mtu aliyetoka kukimbia mita 10,000 ametokwa na maji mengi, na kinachotakiwa ni mililita 90 za mkojo kwa uchache, kwa hiyo msishangae mkikaa saa nyingi. Wengine hunywa maji kupita kiasi ili wamalize upesi, mkojo ukatoka mwepesi mno usiofaa kupimwa, wakalazimika kungoja tena. Vinywaji vitakuwa katika chupa zilizofungwa. Mwache achague na afungue mwenyewe, usimfungulie na usimpe cha kwako hata kama moyo wako wa ukarimu unakusukuma, na sisi watu wa pwani najua unavyosukuma.

Mkumbuke pia kwamba si kila anayepimwa ameshinda. Utaweza kukaa na binti aliyeshindwa mbele ya dunia nzima, ambaye hataki kuzungumza na yeyote. Mpe nafasi alie. Ukimya wako, ukiwa karibu naye, ni heshima tosha. Wala usimwombe picha aliyeshinda.

Nahodha mstaafu, Lamu

Binti yangu, mimi siafikiani kikamilifu na mwalimu. Usiikubali kazi hii kwa kuona haya kukataa. Kama baada ya kuelezwa kila kitu moyo bado unagoma, waandikie waandalizi sasa, wakiwa na muda wa kumpata mwanamke mwingine, kwani kuondoka siku ya mashindano ndiko kutakakowaumiza.

Ukibaki, hifadhi siri. Atakayepimwa hatakiwi kujua kabla ya kuarifiwa rasmi, na majina hayatajwi hata kwa wenzako mnaolala chumba kimoja. Asbel Kiprop, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu, alipopatikana na EPO, dawa iliyokatazwa inayoongeza chembe nyekundu za damu, katika kipimo cha Novemba 2017, Kitengo cha Uadilifu katika Riadha kilikiri kwamba inaonekana alidokezwa mapema juu ya kipimo hicho. Adhabu ya miaka minne haikumwepuka, lakini dokezo lile liliwapa watu sababu ya kuitilia shaka kazi nzima ya upimaji.

Mwongoza watalii, Malindi

Nawashukuru sana. Nimewauliza waandalizi, nao wamethibitisha kwamba sitakuwa shahidi ndani ya msala, kwa hiyo nimeikubali nafasi. Limebaki moja: nikikutana na mwanariadha wa Italia, nizungumze naye kwa lugha yake?

Mwalimu wa michezo, Malindi

Zungumza naye, tena utampunguzia hofu nyingi. Mweleze kwa Kiitaliano kwamba amechaguliwa, aende wapi, na haki zake ni zipi. Ila mkiingia chumba cha upimaji, mwambie afisa kwamba unaijua lugha hiyo na umwachie yeye aamue nani awe mkalimani, kwa sababu maelezo ya dawa alizotumia mwanariadha huandikwa katika fomu, na neno moja likikosewa hapo linaweza kumletea matatizo makubwa. Na uchukue sweta nzito, dada. Baridi ya Nairobi jioni si ya mchezo kwa mtu wa Malindi, na uwanjani mtatoka usiku.