Mjadala: Pesa ya migodi iguse pia kumbukumbu za mitaa, au maji kwanza?

Mwalimu wa Katuba (anafungua):
Watu wa Lubumbashi, naleta hoja tuibishanie bila matusi. Sheria ya Migodi ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inailazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Pesa hiyo ikitajwa, orodha ni ile ile: shule, zahanati, kisima, barabara. Sipingi hata kimoja. Ninachotaka ni kipande chake, hata kidogo, kiende kwenye kazi ya historia na sanaa ya hadhara katika komini zetu, yaani wilaya za mji huu: wazee warekodiwe, picha za familia zionyeshwe, watu waigize, tukae jioni tuzungumze wazi. Na ifanyike Ruashi, Kenya (komini yetu, si ile nchi), Katuba, si mjini peke yake.

Mji huu si mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la mji huu, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, bila kusubiri ruhusa ya profesa yeyote. Kundi la Mufwankolo liliigiza maisha ya mitaani kwa Kiswahili, redioni na jukwaani, watu wakajicheka wenyewe. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu) kikaanzisha mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu akiuongoza, na maonyesho yake yakasimama juu ya picha, vyombo na maneno ya wakaaji. Tunachokosa ni pesa ya kudumu na mahali pa karibu. Ukumbi wa tamthilia uliojengwa mjini miaka ya 1950 ndimo walimohamia wabunge wa jimbo. (Wengine watasema tamthilia bado inaendelea. Sitaki kesi.)

Fundi wa Kenya:
Mwalimu, heshima yako iko palepale, lakini hapa umepotea. Mke wangu anaamka saa kumi za usiku kupanga bidoni kwenye kisima cha jirani. Mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa ukifungwa siku mbili tu, gunia la bunga (unga) linaruka bei. Mtu wa namna hiyo umwite saa kumi na mbili jioni aje kusikiliza habari za kale? Na hizi programu nimezifanyia kazi, nimepigilia misumari ya maonyesho, najua pesa inavyokwenda. Bango kubwa la plastiki, fulana zenye maandishi, chumba cha hoteli cha mgeni, vinywaji vya ufunguzi. Mzee aliyesimulia anapewa fanta moja na nauli ya kurudi. Kisima kikichimbwa vibaya, angalau shimo nitaliona.

Mwanafunzi wa Unilu:
Mwalimu, kuna kitu cha kunyoosha. Ile asilimia 0.3 si ya jiji zima, ni ya jamii zilizo kwenye eneo la mradi. Ruashi yenye mgodi mlangoni inaweza kudai. Katuba mtaambiwa nyinyi hamumo. Kuna redevansi ya migodi, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayouza, ambayo asilimia 15 inakwenda kwa komini, sekta au utemi ambamo mradi upo, lakini nayo ina mpaka huo huo. Katuba na Kenya wapige hodi kwa jimbo, linalopata asilimia 25.

Kwangu mimi, hata hivyo, pesa siyo shida ya kwanza. Vitu vyetu vikishakusanywa vinaondoka. Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, 1973 na 1974, akazieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Picha hizo zikaishia kwenye jumba la makumbusho Amsterdam. Sisemi ziliibwa, zilinunuliwa. Nasema kijana wa Katuba akitaka kuziona kwa macho yake anahitaji viza. Na akibahatika kuingia kwenye maonyesho ya hapa mjini, mara nyingi maandishi ya ukutani ni Kifaransa kitupu.

Mstaafu wa Kamalondo:
Bana bangu, mi naandika vile tunasemaka hapa. Baba yangu alitumika Union Minière, kampuni ya migodi ya Babeleji, na mi nikatumika nyuma yake. Tarehe 9 Desemba 1941 batumikaji balisimamisha kazi juu ya mushahara, bakakusanyika mu uwanja ya mpira, baaskari bakabapiga masasi. Léonard Mpoyi, ule aliyesemea benzake, alikufa pale. Hesabu ya bale balikufa, mpaka leo banabishana. Sasa uliza kijana wa hapa: atakuambia equipe ya Mazembe ya 2010 yote, na namba ya kila muchezaji. Sikatae, mpira inatuunganisha sana, hata mi siku ya match siongeleshwe. Lakini kijana hajue juu ya nini babu yake aliogopaka kusema mbele ya mukubwa wa kazi.

Fundi, kwetu balituchimbia kisima. Hakuna mutu alikaa na mwenzake kusemezana nani atalipa mafuta ya mashini, nani atashika makuta. Watu ba avenue moja habajuane. Kisima iko inalala.

Mama wa Ruashi:
Papa, asante. Ila katika simulizi zenu zote simwoni mwanamke, isipokuwa huyo anayeamka kupanga bidoni. Mishahara ilipokauka, nani aliyelisha nyumba kwa shamba la mahindi nje ya mji? Hayo nayo yarekodiwe.

Nitasema na lingine ambalo wengi mnalizunguka. Mwaka 1992 nilikuwa binti katika mji wa Likasi, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipokuwa wakifukuzwa. Jirani zetu walimwachia mama mashini yao ya kushona, wakaenda kulala stesheni na wenzao maelfu kusubiri treni. Mashini tulihama nayo mpaka Ruashi. Hakuna aliyeigusa, hakuna aliyeitaja. Mwaka jana parokiani waliitisha jioni ya watu kuleta kitu cha nyumbani na kukisimulia, nikaipeleka. Wawili walitoka nje wakinung'unika. Mzee mmoja Mkasai akasimama, akauliza droo ya kushoto ina nini, akaja kuivuta mwenyewe. Vifungo, sindano zilizoshika kutu, kipande cha chaki ya kuchorea nguo. Haikuwa ya kwao. Ya kwao ilikuwa na kanyagio lililovunjika. Lakini alikaa nami mpaka wakaja kufunga ukumbi, akinitajia mitaa ya Likasi niliyokuwa nimeisahau. Na tunasali kanisa moja siku zote, tukipeana amani kwa mkono kila Jumapili.

Mkaaji wa Kampemba:
Mama, pole sana. Lakini hofu yangu iko hapo hapo. Wewe ulimpata mzee mwenye busara. Uchaguzi ukikaribia, kipaza sauti hicho hicho atakishika mwanasiasa, na habari ya mashini itageuka kuwa nani mwenyeji na nani wa kuja. Mambo ya namna hii hayafunguliwi jioni moja na watu wema wasiojua yatakavyofungwa.

Mama wa Ruashi:
Mwanasiasa hasubiri parokia, mwanangu. Mwaka 1992 hakukuwa na jioni za kumbukumbu, na kipaza sauti walikuwa nacho.

Fundi wa Kenya:
Kuhusu maji sijabadilika. Ila Papa kanibana kwenye kisima kinacholala, maana na kwetu kipo. Haya, tuseme mpewe hicho kipande. Hesabu ibandikwe mlangoni pa komini, kwa Kiswahili, mpaka bei ya misumari. Anayesimulia alipwe kama anavyolipwa anayemhoji. Hoteli hakuna. Na chochote kikirekodiwa, nakala ibaki mtaani kabla ya kupelekwa kokote.

Mwalimu wa Katuba:
Nayachukua yote, la hoteli kwa furaha zaidi. Mwanafunzi ana haki: tuanzie Ruashi, ambako sheria inatupa mlango, tupeleke pendekezo kwenye vikao vinavyopanga miradi ya ile 0.3, na Katuba tusumbue jimbo. Neno la Kampemba nalo si dogo. Mwaka wa uchaguzi tukusanye tu bila kuonyesha, na asiyetaka jina lake litoke lisitoke. Ila siwezi kukubali kwamba tukae kimya mpaka wapatikane wataalamu. Hao wataalamu watajifunzia kwa nani? Kuhusu nakala, napendekeza Chuo Kikuu. Wana watu wa kuhifadhi.

Mstaafu wa Kamalondo:
Apana, Mwalimu. Kule mi nikifika, mulinzi ataniuliza karte. Muweke ku parokia, padiri ananijua.

Mama wa Ruashi:
Na Waislamu je? Na wale wa makanisa ya uamsho ambao hawakanyagi parokiani? Iwekwe komini.

Fundi wa Kenya:
Komini! Mama, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu kilitafutwa mpaka nikaandikisha kingine.

Mwanafunzi wa Unilu:
Basi nakala tatu, mahali patatu. Diski haifiki bei ya gunia la bunga. Swali langu ni kabati: ufunguo uwe kwa nani, na mtu akitaka kusikia sauti ya marehemu babu yake siku ya Jumamosi, nani anafungua?

Mkaaji wa Kampemba:
Na familia ikitaka sauti hiyo ifutwe, nani anafuta?

Mwalimu wa Katuba:
Familia yenyewe, kwa maandishi, na nakala zote tatu. Hilo liandikwe kabla ya kumrekodi mtu wa kwanza. Ufunguo naomba uwe kwa wanawake wawili wa mtaa, wa dini tofauti, wanaobadilishwa kila mwaka.

Fundi wa Kenya:
Kabati nitalitengeneza mimi. Kwa bei yangu, na risiti ibandikwe.