Je, breki na gia za magari yetu zilitoka kwenye mashindano?

Mkazi wa Buzuruga
Ndugu wanajukwaa, salaam. Fundi wa hapa Mabatini, alipokuwa akitoa upepo kwenye breki za Noah yangu, alisema kuwa breki za hidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta, zilikuja kwetu kutoka kwenye magari ya mashindano. Je, ni kweli? Na gia ya otomatiki nayo ilitoka huko?

Mwana Kirumba
Kwa breki, fundi wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Mwaka 1921 gari la Duesenberg kutoka Marekani, lenye breki za hidroliki, lilishinda Grand Prix ya Ufaransa pale Le Mans, na kampuni hiyo ikawauzia wateja wake gari lenye breki hizo kwenye magurudumu yote manne. Hatua ambayo mimi naiona kubwa zaidi ni ya mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans ikitumia breki za diski za Dunlop; diski iko wazi na hupoa upesi, ilhali breki za ngoma hufungia joto ndani, na kadiri dereva anavyozidi kukanyaga ndivyo breki zinavyopungua nguvu. Mwaka 1957 Jaguar XK150, gari la barabarani, likatoka na diski mbele na nyuma.

Gia ya otomatiki, hapana. Hydra-Matic ya General Motors, ya mwaka 1939, ilibuniwa kumrahisishia kazi dereva wa kawaida.

Dereva wa Usagara
Naongezea. Ferrari 640 ya langalanga, iliyosanifiwa na John Barnard, ilibadilisha gia kwa nguvu ya hidroliki dereva alipovuta vijiti vya nyuma ya usukani, na Nigel Mansell alishinda nayo mbio za kwanza za gari hilo, Brazil, mwaka 1989. Mwaka 1997 mfumo wa aina hiyo uliingia kwenye Ferrari F355, gari la barabarani.

Fundi Igoma
Msisahau mafuta ya breki yenyewe, maana diski nzuri haisaidii mafuta yakichemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu, na yakishaingia maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Mvuke ukijitokeza kwenye mabomba, pedali huzama bila gari kusimama, jambo la hatari sana kwa Hiace iliyojaa abiria inapoteremka mlima wa Bugando. Timu za mashindano huyabadilisha mara kwa mara, ilhali wengi wetu hungoja mpaka yavuje. Ndugu wa Buzuruga, yalipotoka yalikuwa na rangi gani? Kama yalikuwa meusi kama chai ya rangi, kutoa upepo hakutoshi. Mwombe fundi ayamwage yote na kujaza mapya.