Kocha wa kazi aondoke lini? (dobi la hoteli, Nyali)

BintiTudor
Salaam jamvini. Kuna kijana wa miaka 24 mwenye ulemavu wa akili, ameajiriwa dobi la hoteli moja Nyali, Mombasa, kazi yake kukunja taulo. Kocha wa kazi, yaani anayemfundisha kazi hapo hapo kazini, hukaa naye zamu nzima. Hoteli yataka kujua kocha ataondoka lini, lakini kila akisogea kijana husimama tu. Tufanyeje? Pia, mshahara wa 20,000 utakatwa kodi?

Kombani
Anangoja sauti. Msaada wa maneno ndio mgumu kuuondoa: kocha akizoea kusema "haya, kunja", sauti yake inakuwa sehemu ya kazi. Igawanye kazi kwa hatua, uziandike. Kwenye kila hatua kocha angoje sekunde 5 kimya, akiwa nyuma yake, si mbele. Kijana asipoanza, amwonyeshe kwa kidole. Bado, amguse kiwiko. Hatua aliyoifanya peke yake iwekwe alama. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kocha asogee lini, si kalenda ya hoteli.

Kisha vifaa vichukue nafasi ya kocha. Taulo la sentimita 70 kwa 140, likikunjwa sehemu tatu sawa kwa upana, halafu nusu mara mbili kwa urefu, hutoka kama 23 kwa 35. Kateni plaiwudi ya kipimo hicho: likipita ukingo, analiona mwenyewe. Kama kuhesabu kunamtatiza, bandikeni tepu nyekundu kwenye rafu. Rundo likifika tepu, apeleke. Chunguzeni pia anasimama wapi. Mara nyingi si katikati ya kukunja, ni rundo linapokwisha na hajui linalofuata.

Mwalimu wa Stadi
Naongeza kwa Kombani. Wenzake wakimwambia kocha "mwambie alete shuka", kocha asiipokee hiyo. Awaelekeze kwa kijana mwenyewe. La sivyo dobi zima litamtegemea kocha. Mchagueni mfanyakazi wa meza ya jirani awe wa kuulizwa, na msimamizi ndiye atoe maagizo tangu sasa. Kocha asogee meza mbili, kisha mlangoni, kisha aje nusu zamu. Asiondoke wiki ambayo zamu au msimamizi anabadilika. Na Aprili hadi Juni, wageni wakipungua, rosta huvurugika. Kocha arudi kidogo wakati huo. Watu husahau hili kabisa.

Karani wa Mishahara
Kodi: kwa 20,000 hatakatwa PAYE (kodi ya mshahara), kwa sababu nafuu ya 2,400 kwa mwezi hufuta kodi ya mshahara hadi 24,000. Cheti cha msamaha wa kodi kwa wenye ulemavu, cha KRA (mamlaka ya kodi), kitamfaa mshahara ukipanda juu ya hapo. Msamaha wenyewe unafika 150,000 kwa mwezi. Hicho kinahitaji awe amesajiliwa kwanza na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya tathmini ya daktari hospitalini. Kwa hivyo anzeni usajili sasa. NSSF (akiba ya uzeeni) na SHIF (bima ya afya) zitakatwa vilevile, mwelezeni kabla hajaiona payslipu.

BintiTudor
Shukrani. Kocha amekuwa akisimama mbele yake, tena akiongea. Kesho anahamia nyuma.