Naomba ushauri: nipangeje masomo ya chuo cha jamii ili nihamie fizikia ya anga?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo California, naanza chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili kabla ya kuhamia chuo kikuu) mwaka huu. Nia yangu ni kuhamia Chuo Kikuu cha California (UC), tawi la Santa Cruz au Berkeley, mwaka wa tatu, nisome fizikia ya anga (astrofizikia, ya nyota na galaksi), jambo ninalolitamani tangu utotoni.

Kwenye ASSIST, tovuti inayoonyesha kozi za chuo cha jamii zinazokubalika ukihamia chuo kikuu, naona wanataka fizikia yenye kalkulasi (calculus), siyo ile ya aljebra. Shida ni mfuatano: mekanika inadai kalkulasi ya kwanza, umeme na sumaku vinasubiri mekanika. Ukikosa kozi moja, zote zinasogea mbele.

Hisabati yangu ya sekondari imelala muda mrefu, na usiku nafanya kazi ghalani. Je, nimalize prikalkulasi (hisabati ya kujiandaa kwa kalkulasi) kiangazi, au nikubali kukaa chuo cha jamii miaka mitatu badala ya miwili? Waliopita njia hii, nisaidieni.